Uko wapi? Swali la baharini lililojibiwa na saa

Tarehe 9 Julai 1522, meli iliyochakaa iitwayo Victoria ilitia nanga katika kisiwa cha Santiago, Cape Verde. Ndani yake walikuwamo watu wachache waliodhoofishwa na njaa na kiseyeye, mabaki ya msafara wa meli 5 ulioondoka Hispania mwaka 1519 chini ya Ferdinand Magellan, ambaye mwenyewe aliuawa Ufilipino njiani. Waliotumwa pwani kutafuta chakula waliagizwa pia waulize leo ni siku gani. Wakajibiwa ni Alhamisi. Melini ilikuwa Jumatano. Antonio Pigafetta, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za safari, alishangaa sana, maana hakuwa ameruka hata siku moja katika daftari lake.

Na kweli hakukosea. Walikuwa wameizunguka dunia kuelekea magharibi, wakilifuata jua, na kwa hiyo kila siku yao ilirefuka kidogo kuliko ya waliobaki nyumbani. Kwa miaka 3 vijidakika hivyo vilijumlika vikawa siku nzima. Mahali na wakati ni kitu kimoja kilichogawanywa pande mbili: huwezi kwenda mashariki au magharibi bila kubadilisha saa yako, hata kama saa huna.

Hapo ndipo lilipojificha tatizo lililowasumbua wasafiri wa bahari na nchi kavu kwa karne nyingi. Swali la "tuko wapi" lina sehemu mbili, na ugumu wake haulingani hata kidogo. Umbali wako kutoka ikweta, kaskazini au kusini, ulijulikana tangu zamani kwa kutazama juu. Umbali wa mashariki au magharibi uliwashinda mabaharia, wanajimu na wafalme, na ulipopatikana, uliletwa na saa. Hata leo, kitone cha buluu kinachokuonyesha ulipo kwenye ramani ya simu ni kazi ya saa, ingawa wengi hudhani ni kazi ya kamera fulani huko angani inayotutazama.

Sehemu rahisi

Dunia inajizungusha kwenye mhimili, na mhimili huo kwa upande wa kaskazini unaelekea karibu kabisa na Nyota ya Kaskazini. Ukiwa Ncha ya Kaskazini, nyota hiyo iko utosini. Ukiwa ikweta, imelala kwenye upeo wa macho. Popote katikati, urefu wake juu ya upeo, ukipimwa kwa digrii, ndiyo latitudo yako. Mchana, jua la saa sita hufanya kazi hiyo hiyo, ila unahitaji jedwali la kukueleza jua limehamia kiasi gani kaskazini au kusini siku hiyo. Digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo hata kipimo cha kubahatisha kilikuweka karibu na ukweli.

Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na kifaa cha kazi hiyo ambacho ni rahisi mno: kibao kidogo cha mbao chenye kamba katikati. Kiliitwa kamal. Nahodha alikishika mbele ya uso, ukingo wa chini ukigusa upeo wa bahari na wa juu ukigusa nyota, kisha akaing'ata kamba pale ilipofika mdomoni. Kamba ilikuwa na mafundo, na kila fundo lilikuwa latitudo ya bandari fulani. Kama fundo la bandari unayoiendea linafika menoni sawasawa, huna haja ya namba: geuza omo, shika mashariki au magharibi, usiiache nyota ipande wala ishuke, na pwani itakuja yenyewe.

Njia hiyo ilitosha kwa sababu ya umbile la bahari yenyewe. Kati ya Afrika na India huwezi kupotea moja kwa moja. Ukienda mashariki lazima utaikuta nchi. Kinachobaki ni kujua umeikuta kwenye latitudo gani, na kujua pepo. Vasco da Gama alilijua hilo kwa faida na kwa hasara. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa pale pale, kusi ikianza, na tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na Calicut. Safari ya kurudi hakusubiri kaskazi. Aliondoka upande wa India mapema Oktoba na kuiona pwani ya Afrika mwanzoni mwa Januari 1499, karibu miezi 3, huku watu wake wakifa kwa kiseyeye kiasi kwamba meli moja ilibidi ichomwe moto kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Bahari ilikuwa ile ile na nahodha yule yule. Latitudo haikumsaidia kitu mtu asiyejua majira.

Kamba, mchanga na makisio

Mashariki na magharibi hakuna nyota ya kukusaidia. Nyota zinazopita juu ya kichwa chako sasa zitapita juu ya kichwa cha mtu aliye magharibi yako, kwenye latitudo ile ile, baada ya muda. Nyote mnaona anga moja. Mnapishana saa ya kuliona, basi.

Kwa kukosa kipimo, mabaharia wa Ulaya walikisia. Kibao kilichofungwa kamba kilitupwa majini kutoka tezi, kamba ikaachiwa ipite vidoleni huku baharia mwingine akigeuza saa ya mchanga ya sekunde 28. Kamba ilikuwa na mafundo kila baada ya mita 14.4 hivi. Idadi ya mafundo yaliyopita kabla mchanga haujaisha ndiyo idadi ya maili za baharini ambazo meli ingekwenda kwa saa nzima. Mwelekeo ulisomwa kwenye dira, muda ukahesabiwa kwa zamu, na alama ikatiwa kwenye ramani.

Kasoro yake ni kwamba kibao hupima mwendo wa meli ndani ya maji, hakipimi mwendo wa maji yenyewe. Mkondo wa noti 1 tu, yaani maili 1 ya baharini kwa saa, ukikusukuma ubavuni kutwa kucha unakutoa maili 24 nje ya alama yako, wala huhisi chochote. Na makosa ya makisio hayajisahihishi. La leo linapanda juu ya la jana, na la kesho juu ya la leo.

Isidhaniwe kwamba makisio ni kazi ya ovyo. Mwaka 1976, Mau Piailug, rubani wa kisiwa cha Satawal huko Mikronesia, aliongoza mtumbwi wa matanga Hōkūleʻa kutoka Hawaii hadi Tahiti, kama kilomita 4,000, bila dira wala ramani wala saa. Alifuata mahali nyota zinapochomoza na kuzama, mawimbi makubwa yanayotoka mbali, na ndege. Lakini elimu ya aina hiyo inakaa kichwani mwa mtu aliyefundwa tangu utotoni, tena kwa bahari aliyoizoea. Serikali iliyotaka kutuma mamia ya meli kwenye bahari ambazo hakuna aliyemo ndani aliyewahi kuziona ilihitaji kitu kingine: kipimo ambacho afisa wa kawaida angeweza kukifanya kwa kufuata maelekezo.

Usiku wa tarehe 22 Oktoba 1707, meli 4 za kivita za Uingereza zilipanda miamba ya visiwa vya Scilly, na zaidi ya watu 1,400 wakafa pamoja na Admirali Cloudesley Shovell. Masimulizi mengi husema aliyewaua ni longitudo, yaani ule umbali wa mashariki au magharibi. Mimi ningekuwa mwangalifu hapo. Hata latitudo zilizoandikwa katika madaftari ya meli zilizookoka zilitofautiana, ramani zilikuwa mbovu na hali ya hewa ilikuwa mbaya kwa siku nyingi. Hata hivyo msiba ule ulibaki vichwani mwa watu, na mwaka 1714 Bunge la Uingereza likatangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayeleta njia ya kupata longitudo kwa usahihi wa nusu digrii.

Hesabu yenyewe

Hesabu hii haina ugumu, ila ndiyo roho ya jambo zima. Dunia inamaliza mzunguko wa digrii 360 kwa saa 24. Kwa hiyo kila saa 1 ni digrii 15, na kila dakika 4 ni digrii 1.

Chukua meli iliyoondoka Greenwich, London, ikiwa na saa inayoendelea kuonyesha wakati wa Greenwich. Katikati ya bahari nahodha anapima jua hadi linapofika juu kabisa: kwake ni saa sita kamili mchana. Anaitazama saa yake, nayo inasema saa tisa na dakika 20 alasiri. Tofauti ni saa 3 na dakika 20. Zidisha kwa 15, unapata digrii 50. Jua lilimpita mtu wa Greenwich kwanza, kwa hiyo meli iko digrii 50 magharibi. Basi.

Gemma Frisius, msomi wa Nchi za Chini, alilipendekeza hilo mwaka 1530. Kilichokosekana ni saa. Kwenye ikweta, saa ikikosea dakika 1 tu, meli inahama kilomita 28 kwenye ramani. Ili kuipata ile zawadi kamili baada ya safari ya wiki 6, saa isipoteze wala isizidishe zaidi ya sekunde 3 hivi kwa siku. Saa nzuri za wakati ule zilikuwa za timazi linaloning'inia na kubembea, na chombo cha kubembea ndani ya meli inayobembea ni bure. Juu ya hapo joto hurefusha chuma, baridi hukifupisha, mafuta ya kulainisha huganda au huyeyuka, na unyevu wa chumvi hula kila kitu.

Haishangazi kwamba wasomi wengi waliona afadhali saa itafutwe angani, ambako haina chuma wala mafuta. Galileo, aliyeona miezi 4 ya sayari ya Mshtarii mwaka 1610, alitambua kwamba miezi hiyo hupatwa kwa ratiba inayoweza kuandikwa kwenye jedwali, na kila anayeiona duniani anaiona kwa wakati mmoja. Nchi kavu njia hiyo ilifanya kazi vizuri sana. Wanajimu wa Ufaransa waliitumia kuichora upya nchi yao katika karne ya 17, na ramani mpya ikaonyesha pwani ya magharibi imerudi ndani sana kuliko ilivyodhaniwa. Baharini ilishindikana, kwa sababu darubini inayoweza kuona miezi ya Mshtarii haitulii kwenye sitaha hata kwa sekunde chache.

Ikabaki njia ya Mwezi wetu. Kila saa Mwezi husogea mbele ya nyota kiasi cha nusu digrii, karibu upana wake wenyewe. Basi ukiuona Mwezi kama mshale wa saa, na nyota kama tarakimu zilizopangwa nyuma yake, unaweza kusoma wakati: pima pembe kati ya Mwezi na nyota fulani, tazama kwenye jedwali pembe hiyo inatokea saa ngapi Greenwich. Mjerumani Tobias Mayer alitengeneza majedwali mazuri ya mwendo wa Mwezi, na Nevil Maskelyne, mnajimu wa mfalme, akaanza kuchapisha almanaki ya mabaharia kwa mwaka 1767. Ubaya ni kwamba mshale huo unakwenda polepole mno. Ukikosea pembe kwa sehemu ya sitini ya digrii, longitudo inakosea karibu nusu digrii. Na hesabu zake mwanzoni zilichukua saa nyingi za kuketi na kalamu, meli ikiyumba, kabla ya majedwali kuzifupisha.

Seremala na saa zake

John Harrison alizaliwa mwaka 1693, mwana wa seremala, na hakusomea utengenezaji wa saa popote. Saa yake ya kwanza ya baharini, iliyokamilika mwaka 1735, ilikuwa dude la kilo 34 hivi. Badala ya timazi iliweka vyuma viwili vyenye uzito ncha zote, vilivyounganishwa kwa chemchemi vikibembea kwa kupingana, ili kila mtikisiko wa meli uliompa mmoja kasi umpunguzie mwingine. Mwaka 1736 aliipeleka Lisbon kwa majaribio. Wakati wa kurudi, nchi ilipoonekana, nahodha alisema ile ni rasi ya Start. Harrison akasema hapana, ni Lizard, iliyo magharibi zaidi. Ilikuwa Lizard. Meli ilikuwa kama maili 60 nje ya pale makisio yalipoiweka.

Mtu mwingine angedai zawadi siku hiyo hiyo. Harrison alisema saa ina kasoro, akaomba fedha atengeneze nyingine. Ya pili hakuridhika nayo. Ya tatu ilimla miaka 19, na humo ndimo alimobuni vitu viwili vilivyoizidi saa yenyewe umaarufu: ukanda wa metali mbili zilizogandamanishwa, ambao hujipinda joto linapobadilika na hivyo kuifanya saa ijirekebishe, na beringi za rola zilizofungiwa ndani ya kizimba. Vyote viwili vinatumika katika mashine hadi leo.

Kisha akaacha njia aliyoishikilia nusu ya maisha yake. Saa ya nne, ya mwaka 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 tu, mfano wa saa kubwa ya mfukoni. Siri yake ilikuwa kasi: gurudumu lake lilipiga mara 5 kwa sekunde, haraka kuliko mtikisiko wowote wa meli, kwa hiyo bahari haikuwahi kulivuruga. Mwanawe William aliipeleka Jamaica mwishoni mwa 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa nyuma kwa sekunde 5 hivi. Bodi ya Longitudo, iliyosimamia zawadi ile, ikasema huenda ni bahati. Ikapelekwa tena, Barbados, mwaka 1764, na kwa siku 47 ikakosea sekunde 39, ambazo bado zilitosha kwa zawadi kamili. Alilipwa pauni 10,000 mwaka 1765 baada ya kulazimishwa kuifungua saa na kueleza kila kipande, na pauni 8,750 mwaka 1773, akiwa na miaka 80, baada ya Mfalme George III kuingilia.

Hadithi hii husimuliwa sana kama seremala mnyonge dhidi ya Maskelyne mwenye kijicho. Naona ni nusu ya ukweli. Bodi ilikuwa na swali la haki kabisa: saa moja iliyotengenezwa na mtu mmoja kwa miongo mitatu inawasaidiaje mamia ya manahodha? Nakala ya Larcum Kendall, aliyoichukua James Cook katika safari yake ya pili ya 1772 hadi 1775, iligharimu karibu pauni 500. Sekstanti, chombo cha kupimia pembe za angani, na almanaki zilipatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Cook alianza na shaka juu ya saa akaishia kuisifu, lakini meli nyingi ziliendelea kupima Mwezi kwa miongo kadhaa zaidi, na wenye saa waliutumia Mwezi kuzikagua. Meli ya Beagle ilipoondoka mwaka 1831 ilibeba kronometa 22, yaani saa za baharini za aina hiyo. Ukiwa na moja, hujui kama imekosea. Ukiwa na mbili zinazopingana, hujui ipi.

Nchi kavu

Mtu angedhani barani mambo yangekuwa mepesi, hakuna mawimbi. Kumbe kronometa iliyostahimili Atlantiki ilikufa kwa kuanguka mara moja kutoka kichwani mwa mpagazi. Meriwether Lewis na William Clark, walioivuka Amerika ya Kaskazini mwaka 1804 hadi 1806, walisahau mara kadhaa kuitia saa yao ufunguo, ikasimama. David Livingstone, aliyefundishwa vipimo vya nyota na mnajimu wa Cape, Afrika Kusini, alipata hasara kubwa zaidi: mapema mwaka 1867 kijana aliyebeba kronometa aliteleza na kuanguka, na longitudo zake kuanzia hapo zikaenda kombo. Miaka michache baadaye alikuwa akihangaika kwenye mabwawa ya Bangweulu akilitafuta ziwa mahali ambapo namba zake zilisema liko.

Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka pwani mwaka 1857 kwenda Ziwa Tanganyika, saa zao ziliharibika zote. Wakatengeneza timazi: risasi ya bunduki ya wakia 4, uzi, na tupa la pembe tatu la kuuning'iniza, urefu wa inchi 39 kutoka penye tupa hadi katikati ya risasi. Timazi la urefu huo hupiga sekunde. Halikuweza kutunza wakati wa Greenwich, lakini liliweza kuhesabu sekunde kati ya kipimo kimoja cha nyota na kingine, na kwa njia ya Mwezi hilo lilitosha kupata kitu. Kimo juu ya bahari walikipata kwa kuchemsha maji, kwani kadiri unavyopanda maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama digrii 1 ya selsiasi kwa kila mita 300. Speke alipata zaidi kidogo ya futi 3,700 kwa Ziwa Victoria, karibu sawasawa na kipimo cha leo. Kwa Tanganyika alipata kama futi 1,800, wakati ziwa hilo liko zaidi ya futi 2,500. Vipimajoto navyo vilikuwa vimeumia njiani.

Tukumbuke tu kwamba Burton na Speke walikuwa wakipita njia iliyokuwa na misafara ya wafanyabiashara wa pwani na Wanyamwezi kwa miongo mingi. Waliowaongoza walijua idadi ya siku hadi Ujiji, visima, watemi wa kulipwa hongo na miezi ya mafuriko. Sidi Mubarak Bombay, aliyefuatana nao, baadaye alikwenda na Speke tena, akaenda na Stanley, kisha akalivuka bara lote na Verney Cameron hadi pwani ya Atlantiki. Hakuhitaji longitudo hata siku moja. Kilicholetwa na wazungu, na kilichoitwa ugunduzi, kwa sehemu kubwa kilikuwa namba: kiungo kati ya mahali palipojulikana na karatasi iliyokuwa London. Namba hizo zilikuwa na nguvu zake. Mwenye ramani yenye longitudo angeweza kugawa nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, na katika miaka ya 1880 ndivyo ilivyofanyika.

Sifuri iwekwe wapi

Latitudo ina sifuri yake ya asili, ikweta. Longitudo haina. Kila taifa lilianzia penye mji wake. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na 22 wakapiga kura ya Greenwich. Ufaransa na Brazili zilijizuia, San Domingo ikapinga. Sababu kubwa ilikuwa almanaki ya Maskelyne: kwa zaidi ya miaka 100 mabaharia wa mataifa mengi walikuwa wakisoma majedwali yaliyohesabiwa kwa wakati wa Greenwich, na ramani zao zilifuata. Wafaransa waliendelea na Paris hadi 1911.

Ukienda Greenwich leo na simu, ukasimama juu ya mstari wa chuma ambapo watalii hupiga picha, simu haitasema sifuri. Sifuri ya setilaiti iko kama mita 102 mashariki, kwenye nyasi. Wanajimu wa zamani waliweka darubini zao wima kwa kufuata mvutano wa ardhi ya pale, ambao hauelekei sawasawa katikati ya dunia, ilhali setilaiti huhesabu kuanzia katikati yenyewe.

Saa 24 angani

Redio ilipoanza kutangaza wakati mwanzoni mwa karne ya 20, nahodha aliweza kuisahihisha kronometa yake kila siku, na tatizo la Harrison likaisha kimyakimya. GPS, mfumo wa setilaiti wa kuonyesha mahali, ililigeuza kabisa. Setilaiti zisizopungua 24 zinazunguka kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ikiwa na saa za atomu, na kila moja inatangaza ujumbe mfupi: mimi ni fulani, niko hapa, na sasa ni saa hii. Simu yako inapokea ujumbe huo sekunde 0.07 hivi baadaye. Muda wa kuchelewa, ukizidishwa na kasi ya mwanga, unatoa umbali hadi setilaiti hiyo. Umbali wa setilaiti 3 unatosha kukuweka mahali pamoja duniani.

Kwa nini basi zinahitajika 4? Kwa sababu saa ya simu ni mbovu. Mwanga husafiri mita 300 kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde, na simu haina saa ya usahihi huo. Setilaiti ya nne hutumika kulitambua kosa la saa ya simu na kuliondoa. Yaani kila unapoomba kujua ulipo, unaletewa pia wakati sahihi, na bila huo wa pili wa kwanza haupatikani. Saa za angani nazo lazima zirekebishwe: kwa sababu ya kasi zake na mvutano dhaifu wa huko juu, hutangulia za ardhini kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, kama Einstein alivyotabiri. Zikiachwa hivyo, ramani zingehama zaidi ya kilomita 10 kwa siku.

Tarehe 9 Juni 1995 meli ya watalii Royal Majesty iliondoka Bermuda kwenda Boston. Muda mfupi baada ya kuondoka, waya wa antena ya GPS ulichomoka. Kifaa hakikuzimika. Kilionyesha herufi ndogo za kuashiria kwamba hakina setilaiti, kisha kikaendelea kutoa longitudo na latitudo kwa njia nyingine: kasi, mwelekeo na muda. Yaani kilirudi kwenye kamba na saa ya mchanga, na hakikujua chochote kuhusu mkondo na upepo uliokuwa ukiisukuma meli magharibi. Maofisa waliweka alama kwenye ramani kila saa kwa siku nzima na zaidi, alama zikajipanga vizuri. Walipotarajia boya fulani, rada ilionyesha kitu karibu na pale, wakakiita boya. Walinzi waliripoti maji ya buluu na meupe mbele. Usiku wa tarehe 10 meli ilipanda mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, maili 17 nje ya njia, ikiwa na abiria zaidi ya 1,000. Hakuna aliyekufa. Kando ya kifaa cha GPS palikuwa na kipokezi cha mfumo mwingine wa redio kilichokuwa kikionyesha mahali sahihi muda wote.

Siku hizi hatari si waya tu. Mawimbi ya setilaiti yanapofika ardhini ni dhaifu mno, na mtambo wa bei ndogo unaweza kuyafunika au kuyaghushi. Mwezi Juni 2017 meli zisizopungua 20 karibu na Novorossiysk, Bahari Nyeusi, zilijikuta kwenye skrini zao ziko uwanja wa ndege, nchi kavu. Chuo cha jeshi la majini la Marekani huko Annapolis kilikuwa kimeacha kufundisha vipimo vya nyota mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2015 kikavirudisha. Wanafunzi wanapewa sekstanti, almanaki na majedwali, na pia saa nzuri, kwa kuwa sekstanti peke yake bado haitoi zaidi ya latitudo, labda mtu awe tayari kurudi kupima Mwezi.